Kikwembe Hakina Mgongo

Juzi binti yangu alirudi kutoka shuleni akiwa ameshika kiuno cha sketi yake kwa mikono miwili. Zipu ilikuwa imekwama katikati, haipandi haishuki. "Mama, hii imekufa," akaniambia. "Tutafute ingine." Nilichukua mshumaa, kitu kisichokosekana katika nyumba yoyote ya Goma kwa jinsi umeme unavyotuchezea, nikausugua kwenye meno ya zipu juu na chini, kisha nikavuta. Ikapanda bila ugomvi. Mtoto akanitazama kana kwamba nimefufua maiti, akauliza ni nani aliyenifundisha. Nikamjibu, "Koko," halafu nikakumbuka kwamba yeye na Koko hawakuwahi kuonana.

Basi, rafiki yangu, tangu siku hiyo akili yangu imerudi Majengo, mtaa nilikokulia, na haitaki kutoka. Wacha nikusimulie.

Koko ndivyo tunavyowaita nyanya zetu huku kwetu. Huyu wangu alikuwa mama yake Baba, mzaliwa wa upande wa Butembo, mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi wala sukari nyingi katika chai. Baba alikuwa mwanawe wa pekee, na alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mama yangu anatoka upande wa Bukavu. Baba alipokufa, watu walitegemea kwamba Mama angefunga vitu vyake na kurudi kwao, lakini alibaki. Aliuza sambaza, dagaa wa ziwa letu, kule kwenye soko la Kituku. Aliondoka alfajiri na kurudi alasiri akiwa na harufu ya ziwa, na mimi nikawa nashinda na Koko. Tuliishi watatu katika nyumba ya mbao na manjanja, yaani mabati, iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkeno. Mama na Koko waliheshimiana sana. Leo naweza kusema waliheshimiana kupita kiasi. Walizungumza juu ya makaa, maji na chumvi, lakini jina la Baba halikutajwa kati yao, kila mmoja akiogopa kumtonesha mwenzake kidonda.

Koko hakuwa fundi mwenye kibao mlangoni. Alishona ya nyumbani kwetu, na ya jirani akiombwa vizuri. Mashini yake ya kukanyaga kwa miguu ilikaa chini ya dirisha, na sauti yake ndiyo iliyonilaza mchana nilipokuwa mdogo. Mvua ilipopiga juu ya manjanja hatukusikiana kabisa, tukawa tunashona kwa ishara kama mabubu. Pembeni kulikuwa na mbabula, jiko letu la makaa, na juu yake sombe, majani ya muhogo, ikichemka taratibu. Makaa yaliyokolea tuliyahamishia kwenye pasi, na majivu hatukuyatupa, yalisugua sufuria. Hakuna kitu kilichotupwa katika nyumba ile. Hata vipande vya vitambaa vilivyobaki, vidogo kama jani la chai, viliingia ndani ya mto wa kukalia.

Mbinu zake nilizila pamoja na ugali, sikumbuki siku niliyofundishwa hata moja. Kabla ya kutia uzi sindanoni aliukata kwa mshazari, kisha akalowesha tundu la sindano badala ya uzi. Jaribu, utaniambia. Uzi wa kushonea kwa mkono aliupitisha kwanza juu ya mshumaa ili usijifunge mafundo, na haukuruhusiwa kuzidi urefu wa mkono wangu. Nikiuacha mrefu nisipate taabu ya kutia mwingine, alisema bila kuinua macho: "Uzi murefu ni ya muvivu." Na kweli, nilishinda nafungua mafundo wakati yeye amekwisha kupinda suruali nzima.

Kifungo alikishona akiwa ameweka njiti ya kiberiti kati yake na nguo. Akimaliza aliichomoa njiti, akazungusha uzi chini ya kifungo, nacho kikapata shingo. Kifungo kisicho na shingo hukatika mapema, ndiyo maana mashati ya siku hizi yanatuacha matumbo wazi. Nguo nyeusi aliichora kwa masalia ya sabuni yaliyolika hadi kuwa membamba kama kucha. Ukiifua, alama inajiondokea yenyewe. Ukijichoma kidole na damu ikadondoka kwenye nguo, alikukataza kukimbilia maji, kwa sababu damu yako huondolewa na mate yako mwenyewe. Hapo hakuna aibu, unatema tu na kusugua. Doa la kutu alilitia ndimu na chumvi, akaliacha juani, lakini kamwe si juu ya mawe kama wafanyavyo wengi mjini kwetu. Mawe yetu yana meno, yanavuta nyuzi.

Pini zilizoanguka nilizikusanya kwa sumaku iliyotolewa katika spika ya redio iliyokufa. Kimto cha kuchomekea sindano kilijazwa nywele, maana mafuta ya nywele huzuia kutu, na kila Jumamosi tulipochanana nilitumwa kuokota zilizong'oka: zangu, za Mama, na mvi za Koko mwenyewe. Tundu dogo la kwapani lilishonwa siku hiyo hiyo lilipoonekana. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," Koko alisema, akiwa ameshaninyanyua mkono na kuingiza kidole ndani ya tundu ili nione haya.

Vipimo vyake alivikata kwenye karatasi ngumu ya mifuko ya sima, yaani saruji, akavitoboa na kuvitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Viliitwa patroni, neno tulilolitoa katika Kifaransa. Lakini kwetu patroni pia ni bosi, mwenye nyumba, mtu mkubwa. Siku moja alifika mgeni mwenye kofia, akaniuliza kama patroni yuko. Nikamjibu kwa adabu zote nilizofundishwa: "Iko, papa. Inaning'inia ku musumari." Yule mzee alirudi kinyumenyume hadi barabarani. Koko alicheka mpaka akavua miwani, na ni mara chache sana nilimwona akicheka hivyo.

Kwa kikwembe, kitambaa chetu cha wax, hakuna aliyemshinda. Kwanza alikilaza katika maji baridi yenye chumvi, kwa sababu kikwembe kisichooga kabla ya kukatwa kitasinyaa kikiwa mwilini mwa mtu, na yule mtu atasema umemwibia kitambaa. Kisha alikianika, akakitandaza juu ya meza, akageuza upande mmoja na mwingine kunionyesha. Kikwembe cha kweli kina rangi ile ile pande zote mbili. Ukiona upande mmoja umepauka, ujue umeuziwa karatasi. "Kikwembe hakina mugongo," alisema. Na hapo ndipo ilipokuwa siri ya kasi yake. Alikata kipande kimoja kimoja, popote patroni ilipotosha, bila kukunja kitambaa wala kufikiri kushoto na kulia. Kipande kikitoka cha upande usiofaa, alikigeuza tu kama chapati, kazi ikaendelea. Alifanya hivyo maisha yake yote, na mama yake kabla yake.

Sasa ulifika mwaka wangu wa komunio ya kwanza. Katekista alitutangazia wasichana: robe, yaani gauni, nyeupe, ndefu, mikono mpaka kwenye kifundo cha mkono, asije mtu na mabega wazi mbele ya altare. Jioni ile Mama aliingia chumbani, akafungua sanduku lake, harufu ya naftalini ikajaa nyumba, akatoka na robe yake ya ndoa. Nilikuwa sijawahi kuiona. Ilikuwa ya satini nzito, nyeupe iliyoanza kuwa rangi ya maziwa, imekunjwa ndani ya shuka. Akaiweka juu ya meza ya mashini.

Koko hakuigusa. "Mutoto wangu," akasema, "hii ni robe ya ndoa. Mukasi ikipita, hairudie tena nyuma."

"Iko inalala mu sanduku kwa ajili ya nani?" Mama akajibu. "Kata, Mama."

Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa. Ile ndiyo robe ambayo Mama aliolewa nayo na mwana wa Koko. Hapakuwa na nyingine, na Mama alikuwa anaiweka mikononi mwa mama mkwe ambaye hakuweza hata kumtajia jina la mume wake. Ikiharibika, isingekuwa nguo tu iliyoharibika. Koko alinawa mikono, akafanya ishara ya msalaba, akaanza kufumua.

Kufumua ni kazi ya subira, usidanganywe na wanaovuta uzi. Koko alikata mishono kwa ncha ya wembe, mmoja hapa, akaruka kidogo, mwingine pale, kisha akageuza na uzi wa nyuma ukatoka wenyewe mzima mzima. Mimi nilipangusa vinyuzi kwa kitambaa chenye unyevu. Robe ikawa vipande virefu vyembamba juu ya kitanda. Alivipiga pasi kwa nyuma, akiwa ameweka kitambaa juu yake, kwa kuwa pasi ya makaa hutema cheche na satini haisamehe. Kifua na mgongo wa nguo yangu vilitoka vizuri. Mikono ilibaki ya mwisho, na kwa sababu vipande vilikuwa vyembamba, visingeweza kukunjwa, aliikata mmoja mmoja. Kama alivyozoea.

Alhamisi mchana alinisimamisha juu ya kigoda ili anijaribishie. Mkono wa kushoto ulikaa kama umezaliwa na bega langu. Alipochomeka pini za ule wa kulia, nguo ilinivuta kifuani, nyuma ikabaki imefura. Nadhani unajua kwamba mkono wa nguo una mbele yake na nyuma yake. Mbele hukatwa ukiingia ndani zaidi ili kifua kipumue. Ndiyo maana wa kushoto na wa kulia ni kama viatu, haviazimani. Koko akachomoa pini, akafanya kile ambacho vidole vyake vilikuwa vimefanya maelfu ya siku. Akaugeuza.

Ukakaa sawasawa. Ila haukung'aa. Satini ina uso na ina mgongo, na mgongo wake umefubaa kama ukuta uliopakwa chokaa. Koko alikuwa amekata mikono miwili ya kushoto.

"Yesu wangu," akasema, akakaa chini juu ya vitambaa, yeye ambaye hakuruhusu mtu kukaa juu ya kitambaa.

Alinituma nimwite jirani wa ng'ambo ya ua, mama mmoja mwenye mwili na sauti, aliyesomea kupe-kutire kwa masista, yaani kukata na kushona. Akaja mbio, akauinua ule mkono, akaugeuza mara kadhaa.

"Koko, satini iko na mugongo!"

"Na miye nilisahau," Koko akasema.

Jirani hakumcheka, na kwa hilo nampenda hadi leo. Alipendekeza tukate mikono mifupi, kwa maana mkono mfupi wa kulia ungepatikana ndani ya ule mrefu. Nikawakumbusha maneno ya katekista. Akasema basi tununue satini nyingine, akaenda nyumbani kwake akaleta kipande kipya alichokuwa nacho. Tulipokiweka kando ya ile ya Mama, kile kipya kilikuwa na weupe wa sabuni ya unga, na ile ya Mama ikaonekana imechafuka. Akaanza kupima mabaki, akayaunganisha hivi na vile juu ya patroni, mwisho akayakunja na kuyaweka. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akasema, lakini hakutuambia uhunzi wenyewe uendelee vipi.

Koko aliinuka, akakusanya vipande vya mikono. Halafu akakanyaga mashini. Akashona mkono wa kushoto ukiwa unang'aa na wa kulia ukiwa umefubaa, akaitundika robe, ule mkono wenye kosa ukiwa upande wa dirisha, mahali ambapo mtu akiingia tu atauona. Nilimwambia tungeugeuzia ukutani. Akanikatalia kwa kichwa.

Mama alifika na beseni kichwani. Kama kawaida alikwenda kwanza uani, akasugua mikono kwa majivu na maganda ya ndimu kuondoa harufu ya samaki. Nilisikia maji yakimwagika juu ya mawe. Alipoingia, Koko alisimama. Sijawahi kumwona Koko akimsimamia mtu.

"Mutoto wangu, nimekuharibia robe. Mukono moja niliikata vibaya. Sasa iko inaonyesha mugongo."

Mama alijipangusa mikono kwa kanga. Aliisogelea nguo, akashika ule mkono unaong'aa, akauacha. Akashika ule uliofubaa, akausugua taratibu kati ya vidole, akauweka shavuni. Nilifikiri analia, labda alilia.

"Mama," akamwambia Koko, "siku ya ndoa, batu bote baliona tu huku kwenye kunang'aa. Huku kungine ndiyo kulinigusa miye."

Kisha Mama akakaa pale pale sakafuni, na kanga yake yenye maji, akaanza kusimulia. Jinsi Baba alivyokanyaga ile robe mlangoni mwa kanisa na kuiachia alama ya kiatu. Jinsi mvua ilivyonyesha, naye akalificha pindo la robe ndani ya koti lake. Koko akamkatiza. Akasema lile koti lilikuwa la kuazima, kwamba alilipunguza mwenyewe mabega asubuhi ile, na Baba akakataa kutulia akipimwa, akala andazi pini zikiwa bado mabegani. Mama akacheka. Koko akasema jina la Baba. Akalisema tena, kama mtu anayeonja chakula alichokatazwa na daktari. Sambaza ziliungua juu ya mbabula na hakuna aliyeinuka, na tulizila hivyo hivyo, nyeusi, na nilizipenda.

Jumapili nilienda komunio na mkono mmoja usiong'aa. Wenzangu waliniuliza, nikawaambia ni upande wa Mama. Mpiga picha alitaka nigeuke ili mkono mzuri uwe mbele, Mama akamwambia amwache mtoto asimame alivyo. Kuanzia siku ile Baba alirudi nyumbani kwetu. Alitajwa wakati wa kula, alitajwa wakati wa kupiga pasi, alisingiziwa hata mapua yangu.

Vitu vingi vya wakati ule havipo tena. Koko alifariki nikiwa katika sekondari, tukamrudisha upande wa Butembo kumzika. Nyumba ya mbao iliondolewa, leo pale pana ghorofa yenye maduka ya simu. Mashini ilikwenda kwa mtoto wa ndugu, sijui kama bado inakanyagwa. Wasichana wa mtaa wetu hawajui kupinda sketi. Nguo ikichanika wanakwenda kuchagua nyingine kwenye mitumba, na siwalaumu, mitumba ipo na muda haupo. Lakini mtu aliyejua kufumua mshono bila kuumiza kitambaa, huyo namtafuta kwa tochi.

Robe ile iliendelea kuishi kuliko tulivyodhani. Kwetu nguo ya komunio haina mwenyewe, inazunguka katika ukoo, na mabinti wengi waliivaa. Miaka michache iliyopita iliazimwa na jamaa mmoja wa upande wa Mama, mwanamke mwema, mwenye mikono safi. Aliirudisha imefuliwa, imepigwa pasi, imewekwa ndani ya mfuko mpya, na uso wake ulikuwa umejaa furaha. Alikuwa ameiondoa ile mikono ya zamani. "Moja ilikuwa ya kugeuzwa," akatueleza, "mukaacha muda yote hii!" Alikuwa ametia mikono mipya miwili, inayong'aa sawasawa, akaishona upya na mishono mingine yote, bila hata kasoro. Mama alimshukuru sana, akampa chai, akamfungia sambaza za kupeleka nyumbani. Alipokuwa akimsindikiza ndipo alipomuuliza, taratibu, ile ya zamani ilikwenda wapi. Mgeni akasema aliitumia kupangusia viatu vya mtoto siku ya misa.

Mama aliporudi ndani aliitandaza robe kitandani, akaigeuza ndani nje, akawa anaipapasa mshono kwa mshono. Nikadhani anamtafuta Baba. Nikamwambia asihuzunike, kifua na mgongo bado ni vya satini ile ile, bado vilimgusa siku ya ndoa yake.

"Papa yako, niko na batu ba kuongea nabo juu yake," akaniambia. "Lakini Koko wako, ile kosa ndiyo kitu nilikuwa nimebakia nayo ya mukono yake."